Moyo unaporuka usiku: magnesiamu inamfaa nani, na inamchelewesha nani

Mtu amelala ubavu wa kushoto, taa zimezimwa, nyumba imetulia. Ghafla moyo unakosa pigo moja, kisha unagonga kifuani kwa nguvu mpaka anakaa kitako. Baada ya dakika mbili, tena. Anashika simu, anaandika kinachomsibu, na kabla ya alfajiri amekutana na jibu lile lile mara kumi: una upungufu wa magnesiamu, nunua glisineti (aina mojawapo ya vidonge vya magnesiamu), meza kabla ya kulala, moyo utatulia na usingizi utakuja. Asubuhi kopo linaagizwa.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linastahili kuchambuliwa na si kupuuzwa tu. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kidonge cha magnesiamu kinamfaa mtu ambaye magnesiamu imempungukia, na mtu huyo anahitaji kwanza kujua inapotelea wapi. Tena moyo unaoruka unapaswa kupimwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kabla kopo halijafunguliwa, kwa sababu miongoni mwa wanaotumia vidonge hivi wamo wenye upungufu wa damu, wenye valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyoharibika na wenye moyo unaotetemeka, yaani unaopiga bila mpangilio wowote, na kila wiki wanayosubiri kopo lifanye kazi ni wiki ya matibabu iliyopotea.

Tuanze na lile pigo lenyewe, maana ukilielewa hofu hupungua sana. Kwa kawaida kila pigo huwashwa na kundi dogo la seli lililo juu ya chumba cha kulia cha moyo. Mara nyingine seli za sehemu nyingine hujiwasha mapema, kabla ya zamu yake. Pigo hilo la mapema hukuta chumba hakijajaa damu, husukuma kidogo tu, na vidole vilivyo kwenye mshipa wa mkono huenda visilisikie kabisa. Ndiyo maana mtu husema "moyo umesimama." Kisha moyo hupumzika kidogo kuliko kawaida, chumba kinajaa zaidi, na pigo linalofuata hugonga kwa kishindo. Lile lililokushtua ndilo pigo la kawaida. Lenye hitilafu lilikwisha kupita kimya kimya. Usiku mambo haya husikika zaidi kwa sababu mapigo yamepungua kasi na nafasi kati ya pigo na pigo imekuwa ndefu, hivyo pigo la mapema linapata mwanya. Na ukilala ubavu wa kushoto, ncha ya moyo husogea karibu na ukuta wa kifua. Ukiwavalisha watu wazima wenye afya mashine ya Holter, inayorekodi umeme wa moyo mfululizo, kwa saa 24, wengi wao utawakuta na mapigo ya namna hii, hata kama hawajawahi kuyahisi.

Magnesiamu inaingia wapi hapa? Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25. Zaidi ya nusu imo kwenye mifupa, sehemu kubwa ya iliyobaki imo ndani ya misuli na nyama laini, na katika maji ya damu haifiki asilimia 1. Ndani ya seli ya moyo inaendesha pampu inayotoa sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani. Pampu hiyo haizunguki bila magnesiamu. Pia inazuia kalsiamu isiingie kwa wingi kupita kiasi, jambo linaloifanya seli isijiwashe ovyo. Lakini mahali ambapo upungufu wake huleta madhara makubwa zaidi ni kwenye figo. Humo kuna matundu madogo ambayo potasiamu hupitia kwenda kwenye mkojo, na magnesiamu ndiyo inayoyaziba kwa kiasi. Ikipungua, matundu yanabaki wazi na potasiamu inamwagika. Mgonjwa wa namna hii anaweza kupewa potasiamu siku nzima na kipimo kisipande mpaka magnesiamu irekebishwe. Madaktari wa wodi wanaijua hali hii vizuri, na moyo wenye potasiamu ya chini ni moyo unaoruka.

Kwa hiyo si madini ya kubezwa. Hospitalini gramu 2 za magnesiamu salfeti kwa mshipa ndizo zinazotangulia kutolewa moyo unapoingia katika mbio za hatari ambazo mistari yake kwenye ECG inajisokota kama kamba, hata kama kipimo cha damu kinaonyesha magnesiamu iko sawa. Nenda wodi yoyote ya wazazi, Temeke au Kisumu, utaikuta kwenye trei ya dharura kwa ajili ya kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wajawazito zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Tazama inavyotolewa: gramu 4 kwa mshipa polepole, kisha gramu 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Na kabla ya kila sindano mpya muuguzi anagonga goti aone kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, anapima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti inawekwa karibu, tayari kuvunja nguvu yake ikizidi. Dawa inayosimamiwa kwa goti, pumzi na mkojo haifai kumezwa kama peremende, hata kama dozi ya kidonge ni ndogo mno ukiilinganisha na ile.

Sasa ushahidi wa vidonge kwa mapigo ya moyo. Ni mchache, na haukubaliani. Nchini Brazili, watu 60 wenye mapigo ya ziada lakini moyo usio na ugonjwa walipewa magnesiamu pidoleti au kidonge kisicho na dawa kwa siku 30. Waliopata magnesiamu wengi walisema dalili zimepungua, takriban 9 kati ya 10, wakati upande wa pili ni kama 1 kati ya 6. Nchini Ujerumani, mwaka 1997, watu 232 wenye mapigo mengi ya ziada walipewa magnesiamu pamoja na potasiamu kwa wiki 3. Mapigo ya ziada yalipungua kwa kiasi cha asilimia 17, lakini wagonjwa wenyewe hawakuhisi nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Na kule Dakota Kaskazini, Marekani, wanawake waliokoma hedhi walipolishwa chakula chenye magnesiamu kidogo sana kwa wiki nyingi, baadhi yao mioyo ilianza kutetemeka, ikatulia waliporudishiwa madini hayo. Ukiyaweka pamoja, picha tunayoiona ni hii: ukosefu unavuruga moyo, kurudisha kilichokosekana kunautuliza, na kumuongezea mtu aliyeshiba magnesiamu kunabadilisha kidogo au hakubadilishi kitu.

Kwa upande wa usingizi hali ni dhaifu zaidi ya hapo. Uchambuzi uliokusanya majaribio matatu ya wazee, jumla yao 151, ulikuta waliomeza magnesiamu walipata usingizi takriban dakika 17 mapema. Muda wote wa kulala uliongezeka kama dakika 16, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu, na wachambuzi wenyewe waliuita ushahidi huo hafifu. Dakika 17 si haba kwa mzee anayegaagaa kitandani. Ila kijana wa miaka 28 anayeacha simu saa 7 usiku hana sababu ya kudhani majaribio hayo yalimhusu yeye.

Nani basi hupungukiwa? Kwanza tuwataje wanaosahauliwa: watu wa shinikizo la damu wanaotumia vidonge vya kukojoza, hasa hidroklorothiazaidi, ile inayoandikwa HCTZ kwenye pakiti na mara nyingi kuunganishwa na dawa nyingine katika kidonge kimoja. Furosemaidi nayo hufanya hivyo hivyo. Vidonge hivi vinatoa magnesiamu na potasiamu kwa pamoja kupitia mkojo. Pili, omeprazoli. Watu wengi huanza nayo kwa kiungulia cha wiki mbili na kuendelea kujinunulia miaka mitatu. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba matumizi ya muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, yanaweza kushusha magnesiamu, na kwamba kwa takriban robo ya wagonjwa walioripotiwa, kumeza magnesiamu peke yake hakukutosha mpaka omeprazoli ikaachwa. Hapo ndipo kopo la virutubisho linapoonyesha udhaifu wake: unajaza ndoo iliyotoboka. Wengine ni wanywaji wa pombe wa kila siku, watu wenye kisukari kisichodhibitiwa ambao wanakojoa sana, na wenye kuhara kwa muda mrefu. Dalili za upungufu wenyewe ni kukakamaa kwa misuli, kutetemeka, ganzi, uchovu na kichefuchefu, na hakuna hata moja ambayo ni ya upungufu huu pekee.

Kipimo cha damu kipo, na maabara nyingi huchukulia takriban milimoli 0.7 hadi 1.0 kwa lita kuwa kawaida. Kisome kwa upande mmoja: kikiwa chini, upungufu upo na utafutiwe chanzo. Kikiwa sawa, usihitimishe kwamba akiba iko sawa, kwa kuwa damu hubeba sehemu isiyofika asilimia 1 na mwili huilinda kwa kukopa kwenye mifupa. Mtu wa HCTZ mwenye kipimo cha 0.72 na potasiamu ya chini ana kila sababu ya kurudi kwa daktari wake kuuliza kama dawa ibadilishwe. Kununua kopo pembeni huku kidonge kile kile kikiendelea kukojoza madini ni njia ndefu.

Tukirudi kwenye moyo, orodha ya yanayoufanya uende mbio Afrika Mashariki ni ndefu, na magnesiamu haimo juu kabisa. Upungufu wa damu kwa mwanamke mwenye hedhi nzito au aliyezaa watoto wawili mfululizo: moyo unakimbia kufidia, na dawa yake ni kutafuta chanzo na kurudisha madini ya chuma. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi: mtu anapungua uzito huku anakula, anatoka jasho, mikono inatetemeka, na halali. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 kwa kawaida kina kafeini kama miligramu 80, na nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa 5 baada ya kunywa. Makopo mawili ya jioni yanaeleza usiku mzima. Mirungi, dawa za mafua zenye pseudoefedrini, pampu ya pumu iliyotumika kupita kiasi, homa, mwili kukauka maji. Na kuna valvu ya mitrali iliyobana kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, iliyoanza na maumivu ya koo ambayo hakuna aliyeyatibu. Huyu ni binti wa miaka 25 anayeishiwa pumzi akipanda ngazi, na mara nyingi hugundulika akiwa mjamzito. Vyumba vyake vya juu vya moyo vikianza kutetemeka, damu huganda ndani na donge likipanda kwenye ubongo ni kiharusi. Kumwambia binti huyu ajaribu glisineti kwa miezi miwili ni kumkosea vibaya.

Kabla ya yote, basi, jifunze kushika mshipa wako. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, na usitumie dole gumba kupimia kwa sababu lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Njia ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 inaficha hitilafu unayoitafuta. Huku ukihesabu, gonga meza kwa mkono mwingine kufuata mdundo. Ukipata mdundo sawa wenye kuruka pigo hapa na pale, huenda ni yale mapigo ya ziada. Ukipata mbio sawa sawa za 150 au zaidi zilizoanza ghafla na kukatika ghafla kama swichi, hiyo ni hitilafu ya njia ya umeme na ina matibabu yake. Mdundo usio na mpangilio wowote, ambao mkono wako wa mezani hauwezi kuufuata kabisa, ndio wa moyo unaotetemeka, na huo haungoji wiki ijayo. Andika tarehe, saa, kasi, ulichokunywa na ulichokuwa unafanya. Daftari la wiki mbili lina faida kubwa, kwa sababu ECG ya kawaida hunasa sekunde 10 tu za maisha yako. Kama moyo haukuruka katika sekunde hizo, karatasi itatoka safi, na hapo ndipo unapoomba Holter. Holter ikionyesha mapigo ya ziada yanazidi asilimia 10 ya mapigo yote ya siku, moyo wenyewe unaweza kudhoofika kwa ajili yake na unahitaji kufuatiliwa kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, moyo kuruka katikati ya mazoezi, ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, udhaifu wa upande mmoja wa mwili: lolote kati ya haya linakupeleka hospitali leo. Ukifika, mbali na ECG, omba potasiamu, magnesiamu, kreatinini ya figo, wingi wa damu na kipimo cha thairoidi viangaliwe kwa mkupuo.

Tuseme yote yamepimwa, moyo ni mzima, figo ni nzima, mapigo ya ziada ni machache na bado yanakusumbua. Hapo jaribio la magnesiamu ni la haki, na sisi hatuna kinyongo nalo. Ila lifanywe vizuri, na kazi inaanza kwenye lebo.

Geuza kopo. Mbele limeandikwa kwa herufi nene magnesiamu glisineti miligramu 1,000. Namba hiyo ni uzito wa mchanganyiko mzima, magnesiamu pamoja na asidi ya amino iliyofungwa nayo. Magnesiamu yenyewe katika glisineti ni kama asilimia 14, maana yake miligramu 140. Katika sitreti ni kama asilimia 16. Katika oksaidi ni asilimia 60, kwa hiyo kidonge cha oksaidi cha miligramu 400 kina magnesiamu 240 hivi, na ukisoma namba tu utadhani ndicho bora. Tatizo la oksaidi ni kwamba haiyeyuki vizuri. Utafiti mmoja ulikuta mwili unachukua kama asilimia 4 tu yake, na inayobaki tumboni inavuta maji na kuleta kuhara. Tafuta nyuma ya kopo, kwenye jedwali lenye herufi ndogo, namba ya magnesiamu halisi kwa dozi moja, na uangalie kama dozi moja ni kidonge kimoja, viwili au vinne. Makopo mengi huhesabu vitatu au vinne. Kama namba hiyo haipo popote kwenye lebo, liache dukani.

Mahitaji ya siku kwa mtu mzima ni takriban miligramu 310 hadi 320 kwa mwanamke na 400 hadi 420 kwa mwanamume, kutoka kwa vyote anavyokula. Kwa kiasi kinachotoka kwenye vidonge peke yake, Ulaya wameweka ukomo wa miligramu 250 kwa siku na Marekani 350. Anza na 100 ya magnesiamu halisi baada ya chakula cha jioni, kwa wiki moja. Tumbo likikubali, panda hadi 200, na ubaki hapo. Kuvuka 250 bila daktari hatuoni sababu. Glisineti huvumiliwa vizuri na tumbo. Sitreti ni sawa na ina faida ya ziada kwa mwenye choo kigumu. Threoneti, inayouzwa ghali kwa madai ya kufika ubongoni, ina magnesiamu kama asilimia 8 tu kwa uzito, na pesa hiyo ingenunua korosho nyingi. Choo kikilainika, rudi dozi ya nyuma. Kikiwa cha maji, acha. Hapa watu hukosea sana: wanaendelea wakiamini mwili unajisafisha, kumbe kuhara kunatoa potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaruka kuliko ulivyokuwa.

Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari wake. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu ya ziada, na zikishindwa inajaa kwenye damu: shinikizo linashuka, misuli inalegea, usingizi mzito unakuja, mapigo yanapungua mno. Mtu anaweza kuuona ule usingizi akadhani dawa imefanya kazi. Tahadhari hiyo hiyo imhusu mwenye mapigo ya polepole au aliyeambiwa ana kizuizi cha umeme wa moyo, na anayetumia digoksini.

Halafu kuna dawa zinazonaswa na magnesiamu tumboni zisiingie kwenye damu. Kubwa kwetu ni dolutegraviri, iliyomo kwenye TLD, kidonge cha ARV ambacho mamilioni ya watu Tanzania, Kenya na Uganda wanatumia. Dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Mtu anayemeza TLD saa 3 usiku kisha magnesiamu saa 3 na nusu kwa ajili ya usingizi anapunguza nguvu ya dawa inayomlinda, na hatajua mpaka wingi wa virusi upande. Kwa huyu njia rahisi ni magnesiamu mchana, na chakula cha saa 7, kisha TLD usiku kama kawaida. Siprofloksasini nayo ipewe saa 2 kabla au 6 baada. Doksisiklini isichanganywe nayo wakati mmoja. Dawa ya thairoidi iachiwe nafasi ya saa 4 kati yake na magnesiamu.

Duka la dawa la mtaani lina mtego wake. Ukiomba "magnesiamu" kwa neno hilo tu, mara nyingi unapewa vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, magnesiamu trisiliketi. Kidonge cha kawaida cha mchanganyiko huo kina trisiliketi miligramu 250 na aluminiamu hidroksaidi 120. Magnesiamu halisi humo haizidi miligramu 46, na inayoingia mwilini ni kidogo mno. Vinapoza tumbo, havijazi akiba, na TLD vinainasa vile vile. Mtego wa pili ni chumvi ya haluli. Ni magnesiamu salfeti, kweli, lakini mwili unaitumia kama jina lake linavyosema: inaharisha. Kuinywa kwa ajili ya moyo ni hatari. Kuloweka miguu kwenye beseni lenye haluli hakudhuru, na maji ya moto yanastarehesha, ila usitegemee madini yapite kwenye ngozi kwa kiasi cha maana.

Chakula kinastahili nafasi kubwa kuliko kinayopewa kwenye mijadala hii. Gramu 100 za unga wa dona zina magnesiamu kama miligramu 127. Sembe iliyokobolewa sana, ambayo kiini na ganda vimeondolewa, ina kama 32. Familia inayokula ugali mara mbili kwa siku ikihama kutoka sembe kwenda dona imefanya zaidi ya kidonge, kwa bei ndogo kuliko kopo. Korosho zina kama 290 kwa gramu 100, karanga 170 hivi, ufuta kama 350, mbegu za maboga hupita 500, na hizi za mwisho kwetu hutupwa na maganda. Mchicha na maharage vinajaza sahani. Mwili huchukua theluthi moja hivi ya magnesiamu ya chakula, na kuloweka maharage au kuchachua uji husaidia kuiachia. Kiganja kimoja cha korosho jioni, kama gramu 30, ni miligramu 80 au zaidi, bila kuhara na bila hofu ya kuzidisha kwa mwenye figo nzima.

Kuhusu usingizi, kabla ya kuulaumu upungufu, angalia mambo mawili yanayochanganywa nao. Miguu inayowasha na kutaka kutikiswa kila unapolala mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma; kipimo chake ni feritini, na magnesiamu haitaugusa. Na anayekoroma kwa nguvu, anayekatika pumzi usiku, anayeamka kinywa kimekauka na kichwa kinauma, moyo wake unaruka kwa sababu unakosa oksijeni mara nyingi kwa saa. Muulize anayelala naye. Yeye ndiye shahidi. Kwa usingizi unaogoma bila chanzo cha namna hiyo, tiba inayotangulizwa na miongozo ya madaktari ni mafunzo ya kubadili tabia na fikra za usingizi: kuamka saa ile ile kila siku hata kama umelala vibaya, kutoka kitandani ukikaa macho kama dakika 20, kurudi unaposinzia tu, na kukata kafeini kuanzia mchana. Wiki mbili za kwanza ni ngumu na uchovu huongezeka. Wengi huacha hapo hapo.

Jaribio la magnesiamu lipe wiki 4 hadi 6. Endelea na lile daftari, mara ngapi moyo umeruka, umepata usingizi dakika ngapi baada ya kuzima taa, na usibadilishe kitu kingine katika muda huo. Ukiacha kahawa siku ile ile uliyoanza vidonge hutajua kilichokusaidia. Kisha, hata kama umepata nafuu, acha vidonge kwa wiki 2 na uendelee kuandika. Mapigo ya ziada huja na kupotea yenyewe kwa miezi, na mtu huanza dawa siku zilipokuwa mbaya kupita zote, kwa hiyo kupungua kulikuwa njiani hata bila kopo. Usipoona tofauti ulipoacha, gharama hiyo imekwisha. Dalili zikirudi, una jambo la kumpelekea daktari pamoja na daftari: magnesiamu inanisaidia, tutafute kinachoimaliza. Aanze na pakiti za dawa unazomeza kila siku, zote, ukiwa umezibeba kwenye mfuko mmoja.